Kilo Mbili za Mke, Kilo Ishirini za Mume

Mke na mume wanaingia pamoja dukani Kariakoo kutafuta dambeli za kufanyia mazoezi nyumbani. Mke anapewa jozi ya kilo 2, rangi ya waridi. Mume anawekewa mbele yake jozi ya kilo 20. Wote wawili wanaambiwa neno lilelile: hizi ndizo za kuanzia. Ushauri huo nimeusikia madukani, nimeusikia kwa walimu wa jimu, na nyinyi wasomaji mmeuona kwenye video za simu, kwa hiyo sitaupamba wala kuupunguza. Nataka tuupime hoja kwa hoja, kwa sababu wanaoufuata wanatoa fedha waliyoitafuta kwa jasho, na baada ya miezi miwili wengi wao huamini kwamba wameshindwa mazoezi. Hawakushindwa. Waliuziwa mzigo usiowafaa kwa sababu zisizo za kweli.

Tuanze na kilo 2 za mke, maana hapo makosa yamerundikana. Wanachosema ni hiki: mwanamke akinyanyua uzito mkubwa atajaa misuli kama mwanamume, kilo 2 zinatosha kukaza mikono na kuondoa nyama zinazoning'inia chini ya bega, tena uzito mdogo hauumizi. Hilo la mwisho nalikubali kwa wiki za mwanzo, kwa kuwa mtu yeyote, mke au mume, aanze na mzigo anaoumudu. Mengine hayasimami. Huyo mwanamke anayekatazwa kilo 8 ndiye yuleyule anayejitwisha ndoo ya lita 20 kutoka bombani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kichwani pake pana kilo 20, ukiacha uzito wa ndoo yenyewe. Kama kilo 20 za kila siku, mwaka baada ya mwaka, hazikumbadili umbo kuwa la kiume, kilo 8 za chuma mara tatu kwa wiki hazitambadili. Sababu imo mwilini: mwanamume mzima ana homoni ya testosteroni mara 15 hivi kuliko mwanamke. Wanawake wenye misuli mikubwa mnaowaona kwenye mashindano wameitafuta kwa miaka mingi, kwa mazoezi makali na chakula cha kupimwa. Haikuwajia kwa bahati mbaya sebuleni.

Angalieni sasa hoja hiyo inavyojipinga yenyewe. Wanasema kilo 2 ni ndogo mno kukuza misuli, na papo hapo wanasema zinatosha kuikaza. Lakini hicho wanachokiita kukaza ni mambo mawili tu: msuli kuongezeka kidogo, na mafuta yaliyoufunika kupungua. Hakuna jambo la tatu. Mzigo usioweza kuukuza msuli hauwezi kuukaza. Na mafuta hayaondoki mahali unapopatikisa. Mwili unayachota kutoka kila upande, kwa mpangilio wake wenyewe, pale unapotumia nguvu nyingi kuliko chakula unachoingiza. Anayemwahidi mwanamke kwamba kilo 2 zitayeyusha mafuta ya mkono anamwahidi kitu ambacho mwili haukifanyi.

Kuna jambo zito zaidi ya umbo, nalo ni mifupa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, walichapisha matokeo ya utafiti wao uitwao LIFTMOR. Walichukua wanawake 101 waliokwisha kukoma hedhi na ambao mifupa yao ilikuwa imepungua uimara. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito, dakika 30, mara mbili kwa wiki, kwa miezi 8. Kundi jingine lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Waliobeba vizito waliongeza uimara wa mifupa ya kiuno; waliobeba vyepesi hawakuupata. Nasema kwa uwazi kwamba waliobeba vizito walisimamiwa na wataalamu, hivyo aliye peke yake nyumbani apande taratibu zaidi. Lakini ni kupanda. Ushauri wa kilo 2 unamzuilia mwanamke kile hasa ambacho atakihitaji akifikisha miaka 60, na ndiyo sababu nauchukia kuliko mwingine wote katika orodha hii.

Sasa kilo 20 za mume. Hoja yao ina punje ya ukweli, na ni haki tuione: ukinunua ndogo utazizidi nguvu baada ya muda mfupi na fedha yako itakuwa imelala, basi nunua kubwa ukue nayo. Ni kweli ndogo zitazidiwa. Lakini jozi ya kilo 20 ina uzito mmoja tu, na mwili hauna nguvu moja. Mtu anayeweza kuchuchumaa na kuinuka akiwa na kilo 20 kila mkono huenda asiweze kunyanyua hata kilo 6 pembeni, mikono ikiwa imenyooka, hadi usawa wa mabega. Akilazimisha zile 20, atazirusha kwa kiuno na mgongo, na mabega aliyotaka kuyajenga hayatafanya kazi yoyote. Anakuwa na chuma kinachofaa miguu kwa miezi michache, kinachoumiza mabega tangu siku ya kwanza, na ambacho hakiwezi kuongezeka wala kupungua.

Kanuni wanayoiruka ni ya zamani. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alichapisha namna alivyowarudishia askari majeruhi nguvu za miguu: mzigo mzito wa kadiri ya uwezo wa mgonjwa, unaoongezwa kila nguvu inapoongezeka. Mazoezi yote ya nguvu yanayoleta matunda hadi leo yamesimama juu ya neno hilo moja, kuongeza. Dambeli isiyoongezeka inakufundisha hadi siku unapoizoea, kisha inanyamaza.

Wenye hoja hiyo hujibu kwamba utanunua jozi nyingine ukifika. Haya, tufanye hesabu yao. Chukueni mipini miwili ya chuma yenye uzito wa kilo 2 kila mmoja, pamoja na pleti 12: nne za kilo 1.25, nne za kilo 2.5, nne za kilo 5. Kila mpini unabeba pleti mbili za kila aina, moja kila upande. Kwa kuzibadilisha unapata katika kila mkono kilo 2, 4.5, 7, 9.5, 12, 14.5, 17 na 19.5. Ni ngazi nane, na kila ngazi inapanda kwa kilo 2.5. Chuma chote ulichonunua ni kilo 39. Ukitaka ngazi hizohizo nane kwa jozi zisizobadilika, utanunua kilo 172, kisha utafute chumba cha kuziweka. Anayekuambia jozi zisizobadilika ni za kuanzia hajakuambia mwisho wake uko wapi. Na kwa vile kilo 2.5 ni nyingi kwa bega, ongeza kwanza marudio, kutoka 8 hadi 15, ndipo upande ngazi. Au tafuta pleti za nusu kilo, ambazo fundi anaweza kukukatia.

Hoja inayofuata ilinigharimu mimi mwenyewe: kilo ni kilo, imeandikwa hapo, ya nini kupima? Mwaka wangu wa kwanza wa mazoezi nilinunua jozi iliyochorwa namba 20 kwenye kila dambeli. Muuzaji alinitajia bei ya kilo moja, akaizidisha kwa 40, nikalipa. Sikuwahi kushika kilo 20 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mkono wangu haukuwa na la kusema. Miezi kadhaa baadaye nilizipandisha kwenye mizani ya jirani yangu muuza nafaka. Kila moja ilikuwa kilo 9 na kidogo. Zile 20 zilikuwa paundi, ratili za wazee wetu, na ratili moja ni gramu 454 hivi. Nililipia kilo 40, nikabeba kilo 18. Niliporudi dukani nikaambiwa namba ndiyo hiyo imeandikwa, mimi ndiye niliyesoma vibaya.

Basi someni kwa makini, kwa sababu maandishi hayo yana mitego zaidi ya mmoja. Seti inayoitwa ya kilo 20 mara nyingi ni jumla ya dambeli zote mbili, mipini na nati ndani yake, yaani kilo 10 kila mkono. Pleti za plastiki ngumu zimejazwa saruji, na namba iliyo juu ya ganda haikuonyeshi kama saruji ilijaa. Hata pleti za chuma cha kusubu hutofautiana kidogo, na hilo halidhuru likiwa dogo. Likizidi, mkono mmoja unafanya kazi ya ziada mwaka mzima bila wewe kujua. Tundu la katikati nalo ni kipimo: yapo ya milimita 25 na yapo ya milimita 50, na pleti ya tundu moja haifai mpini wa tundu jingine. Wanaosema kilo ni kilo wanauza kwa kilo. Na kama bei imewekwa kwa kilo, mizani ni haki ya mnunuzi, kama ilivyo kwa nyama na sukari. Omba ipimwe kabla ya kulipa, kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, kisha gawanya bei kwa kilo ulizoziona kwa macho. Duka linalokataa limekwisha kukujibu.

Wapo wanaokwenda upande mwingine kabisa. Hao wanasema usinunue chochote, mimina zege kwenye makopo ya rangi, weka bomba katikati, uzito ni uleule. Nawaheshimu, maana vijana wengi wa mitaa yetu wamejenga vifua na migongo kwa zege, na ni kweli kwamba dunia inavuta kilo 10 za zege kama inavyovuta kilo 10 za chuma. Lakini hoja yao inaishia hapo. Lita moja ya zege ina kilo 2.4 hivi, lita moja ya chuma cha kusubu ina kilo 7.2. Kopo la lita 4 likijaa linakaribia kilo 10, na ni kubwa mara tatu ya chuma chenye uzito huohuo, kwa hiyo linagonga paja ukilivuta na linagonga bega ukilisukuma juu. Makopo mawili yaliyomiminwa kwa koleo hayalingani. Bomba huanza kucheza, zege linapasuka pembeni yake, na siku moja kopo linachomoka juu ya kichwa cha mtu. Kubwa kuliko yote, zege haliongezeki. Ni jozi ileile ya dukani isiyobadilika, ila imetengenezwa uani.

Anayetaka kuanza bila kununua ana kitu bora kuliko zege, nacho kiko jikoni: dumu. Dumu la lita 5 likiwa nusu lina kilo 2.5, likijaa lina kilo 5, na katikati unaongeza utakavyo, kikombe kwa kikombe. Lijaze mchanga mkavu linafika kilo 8. Dumu la lita 20 linatosha kuchuchumaa nalo na kulivuta kiunoni kwa miezi mingi ya mwanzo. Mpini wake ni mnene na maji yanacheza ndani, sikatai, lakini linatimiza sharti ambalo jozi ya waridi na kopo la zege vyote vinashindwa: linakua pamoja nawe. Nikiulizwa mtu asiye na fedha aanze na nini, namwambia aanze na dumu, aweke akiba, anunue mipini na pleti baadaye.

Kisha kuna hoja ya wenye nazo. Wanasema nati za kuzungusha ni za kizamani na za hatari. Nunua dambeli za kisasa unazogeuza kitufe na uzito unabadilika wenyewe. Kwa upande wa wepesi wana haki: kubadilisha pleti kwa nati kunachukua dakika, kitufe kinachukua sekunde. Kwa upande wa usalama wamekosea vibaya. Juni 2025 mamlaka ya usalama wa bidhaa Marekani ilitangaza kurudishwa kwa dambeli za kitufe za Bowflex, modeli za 552 na 1090, milioni 3.8 hivi kwa idadi, kwa sababu pleti zilikuwa zinaweza kuchomoka wakati mtu amezinyanyua. Taarifa za majeruhi zilizidi 100. Sisemi kila dambeli ya kitufe itakuangukia. Nasema hoja ya kwamba teknolojia hiyo ni salama kuliko nati haiwezi kutolewa tena bila maelezo. Nati nayo hulegea, lakini unaiona ikilegea na unaikaza kwa mkono kabla ya kila mzunguko. Meno ya nati yakiisha, fundi wa Gerezani au wa Kamukunji atakuchongea nyingine siku hiyohiyo. Kidude cha plastiki kikivunjika ndani ya dambeli ya kitufe, umebaki na mzigo usiofunguka.

Kuhusu mpira wa kufunika chuma sitakaa sana. Wanasema chuma kitupu kinaharibu sakafu na kinashika kutu, hasa huku Pwani. Sakafu inalindwa na gunia lililokunjwa mara mbili. Kutu ya hewa ya chumvi ni ya kweli; pangusa jasho, pitisha kitambaa chenye mafuta ya mashine mara moja kwa wiki, na ukichoka kupangusa, paka rangi ya mafuta. Mwenye jirani chini ya sakafu yake anunue ya mpira, ana sababu.

Hoja nzito ya mwisho hutolewa na wenye jimu: nyumbani hutafika popote, misuli hujengwa kwa vyuma vizito ambavyo huwezi kuvimiliki. Mwaka 2015 Brad Schoenfeld na wenzake walilinganisha wanaume waliokwisha kuzoea mazoezi: kundi moja lilinyanyua mizigo inayowezekana kwa marudio 8 hadi 12, jingine mizigo myepesi ya marudio 25 hadi 35. Baada ya wiki 8 misuli ya makundi yote mawili ilikuwa imekua kwa kiasi kinachokaribiana. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichukua wanaume 49 kwa wiki 12 na kuona picha ileile. Sharti lilikuwa moja: kila mzunguko ufike mahali ambapo mtu hawezi tena. Katika utafiti wa 2015, waliobeba vizito walipata nguvu zaidi za kunyanyua kizito, na anayetaka kushindana kunyanyua vyuma aende jimu, hilo silipingi. Wengine wote, kilo 39 za sebuleni zinawatosha kwa muda mrefu, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa wiki, bila kutaja mlango aingilie upi.

Hapa msije mkaambiwa kwamba utafiti huo unaitetea jozi ya waridi. Uzito mwepesi wa McMaster ulikuwa kati ya asilimia 30 na 50 ya uwezo wa juu kabisa wa mtu. Kwa mwanamke anayebeba ndoo ya maji, kilo 2 ziko mbali sana chini ya hapo. Na wekeni kauli hizi mbili pamoja: kwa mke, kilo 2 zinatosha, kwa anayekataa kulipia jimu, kilo 40 hazitoshi. Zinatoka kwenye vinywa vya watu walewale. Kinachobadilika kati ya kauli ya kwanza na ya pili ni kitu kinachouzwa.

Imebaki ile wanayoitoa wakiishiwa: dambeli za nyumbani huishia kuzuia mlango usifunguke na upepo, kwa hiyo hakuna haja ya kuchagua kwa makini. Ni kweli zinaishia mlangoni, nimeziona kwenye nyumba nyingi. Lakini wanasoma sababu kinyume. Mwenye kilo 2 aliziacha kwa sababu baada ya wiki ya tatu hazikumpa kazi. Mwenye kilo 20 aliziacha kwa sababu zilimuumiza bega siku ya pili. Kila nilipozikuta mlangoni nimeinama nikasoma uzito wake, na karibu mara zote ulikuwa mmoja wa hizo mbili. Mpini wenye pleti za kubadilisha sijaukuta mlangoni bado.